Kupima Homoni ya FGF23 Katika Damu: Ni Kipande Gani cha Protini Kinachohesabiwa?

Kwa vizazi vingi wanafunzi wa tiba walifundishwa kwamba mfupa ni nguzo ya mwili na ghala la madini ya kalsiamu na fosfeti. Mwaka 2000 watafiti waliokuwa wakichunguza familia zenye ugonjwa wa matege wa kurithi waligundua kwamba chanzo chake ni kasoro katika jeni ya protini ambayo leo huitwa FGF23. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichocheo cha ukuaji cha faibroblasti, namba 23. Ni jina lisilomsaidia mtu kuelewa chochote, kwa kuwa kazi kubwa ya protini hii haihusu kukuza faibroblasti. Hutengenezwa mfupani na seli ziitwazo osteositi na osteoblasti, huingia katika damu, kisha husafiri hadi kwenye figo na kuziamuru zitoe fosfeti. Kwa hiyo mfupa nao ni tezi ya homoni.

Makala haya yanaeleza namna homoni hiyo inavyopimwa maabara kwa kutumia kingamwili, na sababu ya jibu lake kuweza kumpotosha mtabibu asiyejua ni kipimo cha aina gani kilichotumika. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi zetu. Kipimo ni cha gharama, mara nyingi sampuli husafirishwa mbali, na wagonjwa wetu wengi wana upungufu wa madini ya chuma, hali ambayo, kama tutakavyoona, huweza kuipandisha namba ya FGF23 bila mgonjwa kuwa na ugonjwa wowote wa homoni hiyo. Mtoto mwenye miguu iliyopinda anaweza kubandikwa jina la ugonjwa wa kurithi na kuanzishiwa tiba ya miaka mingi, kumbe alihitaji kalsiamu na chuma.

Kazi ya homoni hii mwilini

Fosfeti huingia mwilini kwa chakula: maziwa, nyama, samaki, maharage, nafaka. Figo huichuja kutoka kwenye damu, kisha mirija yake hurudisha sehemu kubwa ya kilichochujwa. FGF23 hupunguza urudishaji huo, na fosfeti ya ziada hutoka na mkojo. Wakati huohuo homoni hii huzizuia figo kutengeneza kalsitrioli, ambayo ndiyo vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, na huharakisha kuvunjwa kwa ile iliyopo. Haya yote huyafanya kwa kushirikiana na protini saidizi iitwayo Klotho, ambayo watafiti wa Japani waliieleza mwaka 1997.

FGF23 ikizidi pasipo sababu, fosfeti ya damu hushuka na mfupa hukosa madini ya kuugandisha. Kwa mtoto tunaona matege, vifundo vya mikono vilivyonenepa, kimo kifupi, na pengine majipu ya ufizi kwenye meno ambayo hayakutoboka. Kwa mtu mzima mifupa hulainika, nyonga na mbavu huuma, nyufa hutokea bila kuanguka, na misuli ya mapaja hudhoofika hata kuinuka kitini kukawa kazi. Wapo wagonjwa waliotibiwa kwa miaka kama wenye baridi yabisi au maradhi ya mgongo kwa sababu hakuna aliyewapima fosfeti.

Chanzo cha kurithi kinachojulikana zaidi ni kasoro ya jeni PHEX iliyoko katika kromosomu X, inayokadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 20,000. Baba mwenye kasoro hii humrithisha kila binti yake na hamrithishi mwana wa kiume hata mmoja. Swali moja la ukoo laweza kufungua mlango ambao vipimo vya gharama havijaufungua. Chanzo kingine ni uvimbe mdogo, mara nyingi usio saratani, unaojificha katika mfupa au nyama, kwa mfano unyayoni au tayani, na kumwaga FGF23 kwa wingi. Uvimbe huo ukiondolewa wote, mgonjwa hupona. Hii ndiyo sababu hatuwezi kuipuuza homoni hii: miongoni mwa maradhi yanayoleta ulemavu mkubwa wa mifupa, huu ni mmoja wa michache inayoponywa kwa kisu.

Protini nzima na protini iliyokatwa

Seli hutengeneza FGF23 ikiwa na asidi amino 251. Ishirini na nne za mwanzo huondolewa kabla haijatoka nje ya seli, hivyo protini iliyokamilika hubaki na 227. Katikati yake pana mahali dhaifu, kati ya asidi amino ya 179 na ya 180, ambapo vimeng'enya huweza kuikata vipande viwili. Protini nzima ndiyo inayoziamuru figo. Ikikatwa, vipande vyake haviwezi tena kufanya kazi hiyo.

Ukataji huo si uharibifu wa bahati mbaya. Ni njia ya mwili kuidhibiti homoni yake wenyewe: seli inaweza kutengeneza nyingi, kisha ikaikata nyingi kabla haijaiachia, na figo zisihisi lolote. Zile familia za mwaka 2000 zilikuwa na badiliko mahali hapohapo pa kukatia, kwenye asidi amino ya 176 au ya 179, hivyo homoni yao ilikataa kukatwa na ikabaki nzima kwa wingi katika damu.

Sasa tufikirie kapu la samaki mnadani. Ndani yake mna samaki wazima, vichwa vitupu na mikia mitupu. Mtu mmoja anaambiwa ahesabu, naye anahesabu tu yule samaki ambaye mkono wake mmoja umeshika kichwa na wa pili umeshika mkia. Mwingine anahesabu kila mkia anaouona, uwe na kichwa chake au la. Wote wawili ni waaminifu na wote wamehesabu sawasawa, lakini namba zao hazitafanana, na kapu likiwa na mikia mingi mitupu zitatofautiana sana.

Vipimo vya kingamwili vya FGF23 ni hao wahesabuji wawili. Kila kimoja hutumia kingamwili mbili au zaidi. Ya kwanza imegandishwa kwenye kisahani au kwenye chembe ndogo za sumaku, nayo huinasa protini. Ya pili imebeba alama inayotoa rangi au mwanga, nayo hujishika upande mwingine wa protini ileile. Kadiri protini inavyokuwa nyingi ndivyo rangi au mwanga unavyozidi, na mashine hulinganisha na sampuli zenye kiasi kinachojulikana. Mbinu inayotoa rangi ndiyo ELISA, ambayo mafundi wetu wa maabara wanaifahamu vizuri kutokana na vipimo vingine.

Katika kipimo cha homoni nzima, kingamwili moja hushika upande wa kichwa, yaani kabla ya mahali pa kukatia, na nyingine upande wa mkia. Kipimo cha namna hii kilichapishwa na Wajapani mwaka 2002, na majibu yake hutolewa kwa pikogramu kwa mililita. Katika kipimo cha mkia, kingamwili zote hushika upande wa mkia, kwa hiyo huhesabu homoni nzima pamoja na vipande vya mkia. Hiki kilitumika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya wagonjwa wa uvimbe na wa matege ya kurithi, na majibu yake hutolewa kwa vizio vya kulinganisha kwa mililita, ambavyo kwenye karatasi ya majibu huandikwa RU/mL. Vizio hivi viwili havibadilishwi kimoja kwenda kingine kwa kuzidisha au kugawanya. Hata kati ya vipimo viwili vya homoni nzima kutoka kwa watengenezaji tofauti namba hazilingani, kwa kuwa hawatumii kigezo kimoja cha pamoja. Mgonjwa anayefuatiliwa apimwe kwa mbinu ileile aliyoanza nayo, na ikibidi kubadilisha maabara, ahesabiwe kuwa anaanza upya.

Upungufu wa chuma

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kwa ukanda wetu, nami nitakaa hapa kidogo.

Mwili ukikosa chuma, seli za mfupa huongeza utengenezaji wa FGF23. Lakini kwa mtu mwenye figo na jeni za kawaida, ukataji nao huongezeka kwa kiwango hichohicho. Homoni nzima katika damu hubaki ya kawaida, fosfeti hubaki ya kawaida, na mgonjwa hana dalili yoyote ya mifupa. Kinachojaa katika damu ni vipande vya mkia. Mwanamke mwenye hedhi nzito na upungufu wa chuma akipimwa kwa kipimo cha mkia, jibu laweza kurudi juu mno. Akipimwa siku hiyohiyo kwa kipimo cha homoni nzima, jibu ni la kawaida. Mashine zote mbili zimesema kweli.

Gambia imetupa mfano unaofaa kusomwa na kila anayetibu watoto Afrika. Mwaka 2008 Ann Prentice na wenzake waliripoti kuwa watoto wa huko wenye matege walikuwa na FGF23 iliyopanda. Watoto hao hawakuwa na upungufu wa vitamini D wa kueleza ugonjwa wao. Walikuwa wakila chakula chenye kalsiamu kidogo sana. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa kadiri hemoglobini ya mtoto ilivyokuwa chini ndivyo FGF23 yake ilivyokuwa juu. Kwa hiyo namba ile haikuwa ikisimulia habari za kalsiamu na fosfeti peke yake. Ndani yake ilikuwamo pia habari ya chuma. Mimi huichukulia hiyo kuwa sababu tosha ya kutokiagiza kipimo cha FGF23 kwa mtoto yeyote kabla ya kujua hemoglobini na feritini yake. Na kwa kuwa feritini hupanda mtu anapokuwa na maambukizi, isomwe pamoja na kipimo cha uvimbe wa mwili kama CRP, la sivyo malaria au homa ya mapafu itauficha upungufu wa chuma.

Upande wa pili wa jambo hili ni tiba. Dawa za chuma zinazodungwa kwenye mshipa zinazidi kutumika kwa wajawazito, kwa waliojifungua na kwa wagonjwa wasiovumilia vidonge. Mojawapo, feriki kaboksimaltozi, ina tabia ya pekee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwa wanawake waliopungukiwa chuma kwa sababu ya hedhi nzito, dawa hiyo ilifananishwa na chuma cha dekstrani. Kwa dawa zote mbili kipimo cha mkia kilishuka sana ndani ya saa 24, jambo lililotarajiwa, kwa kuwa chuma kilikuwa kimepatikana. Lakini kwa waliopewa feriki kaboksimaltozi, homoni nzima ilipanda na fosfeti ikashuka. Inaelekea dawa hiyo huzuia ukataji: mikia mitupu inapungua na samaki wazima wanaongezeka. Aliyepima kwa kipimo cha mkia pekee angesema FGF23 imeshuka, huku figo za mgonjwa zikiendelea kumwaga fosfeti.

Majaribio mawili yaliyochapishwa pamoja mwaka 2020 nchini Marekani yaliupa wingi wake jambo hili. Fosfeti ilishuka chini ya miligramu 2 kwa desilita kwa asilimia 75.0 na 73.7 ya waliopata feriki kaboksimaltozi, ikilinganishwa na asilimia 7.9 na 8.1 ya waliopata chuma cha isomaltosidi. Kwa wengi hali hiyo hupita yenyewe. Kwa anayedungwa mara kwa mara, mifupa inaweza kulainika kwelikweli. Nchini Malawi dawa hiyohiyo imekwisha kufanyiwa utafiti mkubwa kwa wajawazito, kwa hiyo si habari ya ng'ambo tu. Mama aliyedungwa chuma akirudi wiki mbili baadaye akisema mwili umeisha nguvu na mifupa inauma, hemoglobini iliyopanda isitufanye tumrudishe nyumbani. Apimwe fosfeti, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya FGF23.

Ugonjwa sugu wa figo

Kwa mgonjwa wa figo FGF23 hupanda mapema, kabla fosfeti na homoni ya parathairoidi hazijabadilika, na kwa wanaosafishwa damu kwa mashine inaweza kufikia mamia ya mara ya kiwango cha kawaida. Kwao ukataji umepungua, hivyo vipimo viwili hukaribiana. Utafiti wa mwaka 2008 ulihusisha viwango vikubwa na vifo vingi zaidi katika mwaka wa kwanza wa kusafishwa damu. Pamoja na hayo, hakuna uamuzi wa tiba ya kila siku unaobadilika kwa kuijua namba hiyo leo. Fedha ya mgonjwa wa figo itumike kwa fosfeti, kalsiamu, homoni ya parathairoidi na hemoglobini. Hapo sitaongeza zaidi.

Kabla ya kuagiza kipimo

Swali ambalo FGF23 hujibu ni moja: fosfeti ya mgonjwa huyu iko chini kwa sababu homoni hii inaitoa kwenye figo? Hakuna haja ya kuliuliza swali hilo kabla ya kuthibitisha mambo mawili, kwamba fosfeti kweli iko chini kwa umri wake, na kwamba figo kweli ndizo zinazoipoteza. Watoto wana fosfeti ya juu kuliko watu wazima, na maabara inayotumia kiwango kimoja kwa wote humwita mtoto mgonjwa kuwa mzima.

Upotevu kwenye figo hupimwa kwa hesabu ambayo kila hospitali ya mkoa inaweza kuifanya. Asubuhi, mgonjwa akiwa hajala, chukua damu na mkojo kwa wakati mmoja, upime fosfeti na kreatinini katika vyote viwili, kwa vizio vinavyofanana. Zidisha fosfeti ya mkojo kwa kreatinini ya damu. Gawanya kwa kreatinini ya mkojo iliyozidishwa kwa fosfeti ya damu. Toa jibu hilo kutoka 1. Kinachobaki ni sehemu ya fosfeti ambayo figo zimeirudisha.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke mwenye fosfeti ya damu 0.5 milimoli kwa lita, kreatinini ya damu 0.07, fosfeti ya mkojo 15 na kreatinini ya mkojo 7. Kumi na tano mara 0.07 ni 1.05; saba mara 0.5 ni 3.5, 1.05 gawanya kwa 3.5 ni 0.30, moja toa 0.30 ni 0.70. Kwa kuwa 0.70 haizidi 0.86, tunaizidisha moja kwa moja na fosfeti ya damu na kupata 0.35 milimoli kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha figo zake kurudisha fosfeti. Mtu mzima wa kawaida huwa kati ya takribani 0.8 na 1.35. Figo za mwanamke huyu zinavuja fosfeti wazi, na sasa kipimo cha FGF23 kina maana kwake. Sehemu iliyorudishwa ikizidi 0.86 kuna fomula nyingine inayotumika, na mtaalamu wa maabara aulizwe.

Figo kuvuja peke yake hakutoshi kuilaumu FGF23, kwa sababu homoni ya parathairoidi nayo hutoa fosfeti kwenye mkojo. Mtoto aliyekosa kalsiamu au vitamini D huwa na homoni ya parathairoidi iliyo juu waziwazi, na kalsiamu yake huelekea chini. Mwenye kasoro ya PHEX kwa kawaida huwa na kalsiamu isiyo na tatizo na homoni ya parathairoidi ya kawaida au iliyopanda kidogo. Tofauti hiyo huonekana kwa vipimo ambavyo tayari tunavyo. Alkalini fosfatesi hupanda katika hali zote mbili, kwa hiyo inatuambia kwamba mfupa unaumwa bila kutuambia kwa nini.

Namna ya kuchukua sampuli

Homoni nzima ni dhaifu. Ikiwa katika damu ya mgonjwa, nusu yake hutoweka ndani ya muda wa takribani saa moja, na hata ikiwa ndani ya chupa vimeng'enya huendelea kuikata. Damu ikiachwa igande kwenye chupa ya kifuniko chekundu na kukaa dirishani hadi mchana, homoni nzima hupungua, na uvimbe wa kweli unaweza kukosekana kwenye majibu. Chupa inayofaa kwa mbinu nyingi ni ile ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, ingawa maelekezo ya maabara inayopokea ndiyo ya kufuatwa. Damu izungushwe kwenye mashine mapema, plazma itenganishwe na seli, igandishwe, na isafirishwe ikiwa imeganda bila kuyeyuka njiani. Vipande vya mkia huvumilia zaidi. Uvumilivu huo una bei yake, nayo ndiyo ile tuliyoieleza juu ya chuma.

Sampuli ichukuliwe asubuhi, kwa kuwa homoni nzima hubadilika katika saa za siku. Ikiwezekana mgonjwa awe hajaanza vidonge vya fosfeti na kalsitrioli, maana vyote viwili huipandisha FGF23. Kama ameshaanza, iandikwe kwenye fomu ya maabara pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho.

Namna ya kulisoma jibu

Makosa ya usomaji ninayoyaona mara nyingi yanatokana na neno moja lililochapwa pembeni ya namba: kawaida. Mtu mwenye fosfeti ya chini, kama homoni zake ziko sawa, FGF23 yake inapaswa kushuka sana ili figo ziihifadhi fosfeti. Ikibaki katikati ya kiwango cha watu wazima wenye afya, tayari imekosea. Kwa kipimo cha Kijapani cha homoni nzima, ambacho watu wazima wenye afya huwa na kama pikogramu 10 hadi 50 kwa mililita, wataalamu wa huko hukichukulia kiwango kinachozidi 30 kwa mwenye fosfeti ya chini kuwa ushahidi kwamba FGF23 ndiyo chanzo. Thelathini iko ndani kabisa ya kiwango kinachoitwa cha kawaida. Namba hiyo ni ya kipimo hicho pekee, haihamishiwi kwingine. Hoja yake ndiyo inayohama. FGF23 isisomwe kamwe bila fosfeti ya siku ileile kando yake.

Vipimo vya kingamwili vina udhaifu wao wa jumla, nao uko hapa pia. Homoni ikiwa nyingi kupita kiasi, kingamwili mbili hujaa kila moja na protini yake, hazikutani juu ya protini moja, na mashine hutoa jibu la chini kwa mgonjwa mwenye homoni nyingi kuliko wote. Dawa yake ni kuichanganya sampuli na kimiminika na kuipima tena. Baadhi ya watu wana kingamwili zao wenyewe zinazozishika zile za kipimo na kuziunganisha bila homoni kuwapo, na jibu hupanda bila sababu. Kisha kuna bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha: kwa dozi kubwa huvuruga vipimo vinavyotumia bayotini kunasia kingamwili, na vimo vya FGF23 vya namna hiyo. Jibu lisiloendana na mgonjwa aliyekaa mbele yako ni jibu la kumpigia simu mtaalamu wa maabara.

Kwa wewe mgonjwa au mzazi wa mgonjwa, ukiambiwa utapimwa FGF23, mweleze daktari kama umewahi kudungwa chuma katika miezi ya karibuni, kama unatumia vitamini za nywele, na kama kuna ndugu mwenye miguu ya matege au kimo kifupi. Njoo asubuhi bila kula kama ulivyoelekezwa. Majibu yakitoka, omba nakala yenye jina la kipimo na kizio chake, uitunze pamoja na kadi yako, kwa sababu daktari wa hospitali nyingine akipewa namba peke yake hataweza kuitumia. Wala usiende kuipima tena kila mwezi. Baada ya uvimbe kuondolewa hupimwa kuthibitisha kwamba umeisha. Katika matege ya kurithi kuirudia mara kwa mara hakuongezi chochote.

Hilo la mwisho lina uzito zaidi kwa wanaotumia burosumabu, kingamwili iliyotengenezwa kuishika FGF23 na kuizuia, ambayo Marekani na Ulaya ziliiidhinisha mwaka 2018 kwa matege ya kasoro ya PHEX. Bei yake bado inaiweka mbali na wagonjwa wetu wengi, lakini wachache wanaotibiwa nje hurudi nayo na kuomba tuwafuatilie. Dawa ikishaishika homoni, homoni haitoki haraka katika damu, na vipimo vinaweza kuonyesha namba iliyopanda mara nyingi kuliko kabla ya tiba, wakati ambapo sehemu kubwa ya homoni hiyo imefungwa na haifanyi kazi. Anayeisoma namba hiyo kama ilivyo ataongeza dozi ya mtu ambaye tayari inamtosha. Kwa mgonjwa huyu dozi huongozwa na fosfeti ya damu aliyochukuliwa akiwa hajala, na FGF23 haiagizwi.